Kwa nini mishipa ya fahamu iliachiwa pengo? Uzi wa sinapsi

Nyuroni_Moja:
Wakuu, salaam. Kuna swali ambalo wanafunzi hunibana nalo kila ninapofundisha mfumo wa fahamu, na vitabu vingi hulipita kimyakimya. Msukumo wa neva ni umeme. Husafiri kwenye aksoni, mkia mrefu wa nyuroni (seli ya neva), kwa kasi ambayo kwenye nyuzi nene hufika mita 120 kwa sekunde. Ukifika mwisho wa aksoni, njia inakatika. Nyuroni inayofuata ipo hapo hapo jirani, ila katikati pana pengo la nanomita 20 hivi lililojaa majimaji. Makutano hayo ndiyo sinapsi. Umeme unaishia ukingoni. Kinachovuka ni kemikali, na ng'ambo umeme unazaliwa upya.

Kwa nini mwili ujipe taabu yote hiyo? Jibu langu nalitanguliza ili mpate pa kunishambulia: pengo lipo kwa sababu seli inahitaji mahali pa kusema hapana.

Kwanza tuone kinachotokea. Nyuroni iliyotulia ina chaji hasi ndani, kama milivolti -70 ukilinganisha na nje. Msukumo unapopita, sodiamu huingia, ndani pakageuka chanya, kisha potasiamu hutoka na hali ikarudi. Hapo sikai, yameandikwa sana.

Utamu uko mwishoni mwa aksoni. Sehemu hiyo imevimba kidogo, na humo mna vifuko vya duara, kila kimoja kipenyo chake nanomita 40 hivi, vimejaa maelfu ya molekuli za kemikali ya kupeleka ujumbe. Baadhi ya vifuko vimekwisha kutia nanga kwenye utando, vinasubiri amri tu. Mwenye kutoa amri ni kalsiamu. Nje ya seli kalsiamu imezidi ya ndani karibu mara 10,000, kwa hiyo umeme ukifungua milango ya kalsiamu, ayoni zake (chembe zenye chaji) zinaingia kwa pupa. Protini iitwayo sinaptotagmini inazinasa. Protini nyingine tatu zilizosokotana, ambazo kwa pamoja huitwa SNARE, zinauvuta utando wa kifuko hadi uungane na utando wa seli. Kifuko kinafunguka kwa nje, kemikali inamwagika kwenye pengo na kukutana na vipokezi vya seli ya pili. Vipokezi vinafungua njia za ayoni, na seli ya pili inapata badiliko dogo la umeme.

Halafu kemikali lazima iondolewe haraka. Nyingine huvunjwa na kimeng'enya palepale, nyingine hurudishwa ndani ya seli iliyoitoa au kufyonzwa na seli za glia zilizo pembeni. Isipoondolewa, hakuna ujumbe mpya utakaosikika.

Karibuni.

Fundi_Redio:
Mwalimu, nimekusoma mpaka mwisho na bado sijashawishika. Mimi ni mtu wa saketi. Waya ukikatika naulehemu, siweki kemikali katikati. Mwili una umeme tayari, unaugeuza kuwa kemikali, kisha unaurudisha kuwa umeme. Kila mgeuzo ni hasara ya muda. Hasara hiyo ni kiasi gani?

Nyuroni_Moja:
Fundi, swali zuri na lina jibu la namba. Ucheleweshaji kwenye sinapsi ya kemikali ni karibu nusu milisekunde, wakati mwingine zaidi. Kwa uzi wenye kasi ya mita 100 kwa sekunde, ndani ya nusu milisekunde msukumo ungekuwa umekwenda sentimita 5. Kwa maneno mengine, kuvuka nanomita 20 kunagharimu muda ambao ungetosha kusafiri sentimita 5 ndani ya aksoni.

Na kinachonifurahisha ni mahali muda huo unapopotelea. Wengi hudhani kemikali inachelewa majini, ikivuka. Hapana. Kwa umbali mfupi vile, molekuli huenea ndani ya mikrosekunde chache tu. Muda mwingi unaliwa kabla hata kemikali haijatoka, wakati milango ya kalsiamu inafunguka na vifuko vinaungana na utando.

Kidato_Cha_Sita:
Samahani wakubwa, mimi ni mwanafunzi. Sisi tumeandikishwa kwamba "msukumo huruka pengo la sinapsi". Unaruka au hauruki?

Nyuroni_Moja:
Hauruki, mdogo wangu. Msukumo wa seli ya kwanza unafia kwenye seli ya kwanza. Kinachoanza ng'ambo ni badiliko jipya la umeme lenye tabia zake. Tofauti kubwa ni hii: msukumo ndani ya aksoni ni ama upo mzima ama haupo kabisa, wakati lile badiliko kwenye seli inayopokea lina vipimo. Linaweza kuwa dogo sana, la wastani, kubwa, au hata la kuelekea upande wa hasi zaidi. Andika hivyo kwenye mtihani, hakuna msahihishaji atakayekunyima alama.

Mpita_Njia:
Mimi nilikuja kutafuta dawa ya usingizi nikajikuta humu. Endeleeni tu, nimekaa.

Fundi_Redio:
Sawa, namba nimezipokea. Nusu milisekunde si haba ukiizidisha kwa sinapsi nyingi zilizofuatana. Sasa nipe faida. Usiniambie "mwili una hekima yake", hilo si jibu.

Nyuroni_Moja:
Silitoi jibu hilo, usiwe na wasiwasi.

Anza na nguvu. Mwisho wa neva inayoendesha msuli ni kitu chembamba, na uzi wa msuli ni mnene mara nyingi zaidi. Mkondo wa umeme unaotoka kwenye ncha ndogo vile, hata ungeulehemu, ungemezwa na utando mkubwa wa msuli bila kuufikisha popote. Kemikali inatatua hilo kwa sababu haibebi nishati ya ujumbe. Inakwenda kufungua milango, na nishati inatoka kwenye ayoni za seli ya pili yenyewe. Kipokezi cha asetilikolini, kemikali ambayo neva huitumia kuuamuru msuli, kikishikwa na molekuli mbili, kinafungua njia inayopitisha maelfu ya ayoni kabla hakijafunga. Hapo ishara imekuzwa kabla hujatumia transista hata moja.

Faida ya pili ni mwelekeo. Vifuko viko upande mmoja, vipokezi upande wa pili, kwa hiyo ujumbe haurudi nyuma.

Ya tatu ndiyo hoja yangu hasa. Mkondo wa umeme unaovuja kutoka seli yenye msisimko kwenda kwa jirani yake kimsingi unabeba msisimko. Kuufanya ujumbe huohuo umtulize jirani ni kazi ngumu mno. Kwa kemikali ni jambo jepesi: weka kipokezi cha aina nyingine. Kemikali iitwayo GABA ikishika kipokezi chake kwenye ubongo wa mtu mzima, njia ya kloridi inafunguka, na seli inakuwa nzito kuamka. Glutamati, kemikali nyingine, inasema ndiyo, GABA inasema hapana, na mashine ya kuzitoa ni ileile, kalsiamu ileile, SNARE zilezile.

Msoma_Kale:
Mwalimu, hapo kwenye "hapana" ndipo vita ya kihistoria ilipoamuliwa. Niruhusu niingize historia kidogo, maana ni tamu kuliko watu wanavyojua.

Ugomvi wa kwanza ulikuwa kama pengo lipo au halipo. Camillo Golgi alibuni namna ya kuzitia rangi seli za neva, lakini akaamini zimeungana zote kuwa wavu mmoja. Santiago Ramón y Cajal akatumia rangi hiyohiyo ya Golgi akaona kinyume chake: kila seli inajitegemea. Mwaka 1906 wakapewa Tuzo ya Nobel kwa pamoja, na Golgi akatumia hotuba yake ya tuzo kuutetea wavu wake huku mwenzake akiwa mshirika wa tuzo hiyohiyo. Charles Sherrington ndiye aliyeliingiza jina la sinapsi mwaka 1897, miaka zaidi ya 50 kabla ya darubini ya elektroni kuwawezesha watu kuliona pengo lenyewe.

Ugomvi wa pili ni huu wa fundi: umeme au kemikali? Kambi zilipewa majina ya utani: supu kwa watu wa kemikali, cheche kwa watu wa umeme. Kambi ya supu ilipata nguvu kwa Otto Loewi, majaribio aliyoyachapisha 1921. Alichukua mioyo miwili ya chura, yote ikiendelea kupiga ndani ya majimaji. Akaisisimua neva ya vagasi, inayotoka ubongoni, ya moyo wa kwanza, moyo ukapunguza mapigo. Kisha akachukua majimaji ya moyo ule akayamimina kwenye moyo wa pili, ambao haukuguswa na umeme wowote. Nao ukapunguza mapigo. Kitu kilikuwa kimetoka kwenye neva kikaingia majini, na baadaye kikatambuliwa kuwa asetilikolini.

Mwenyewe alikuwa akisimulia kwamba wazo lilimjia usingizini, akaliandika kwenye kikaratasi usiku, asubuhi akashindwa kusoma mwandiko wake. Usiku uliofuata likamrudia, safari hii akaamka akaenda moja kwa moja maabara. Hadithi ya mtu kujisimulia mwenyewe unaichukua kwa tahadhari, ila jaribio lake lilisimama. Nobel alipata 1936 pamoja na Henry Dale.

Fundi_Redio:
Moyo wa chura ni kitu kimoja. Moyo unapiga polepole, unaweza kusubiri supu. Ubongo na uti wa mgongo je?

Msoma_Kale:
Fundi, umezungumza kama John Eccles! Hiyo ndiyo ilikuwa hoja ya kambi ya cheche, na Eccles alikuwa mpiganaji wao mkuu. Alikubali polepole kwamba viungo kama moyo vinatumia kemikali, lakini ndani ya uti wa mgongo alisisitiza ni umeme, kwa sababu ya kasi.

Shida ilikuwa kueleza uzuiaji. Alibuni nadharia ya namna mikondo ya umeme ingeweza kumzuia jirani, na nadharia hiyo ilitabiri umbo fulani la badiliko ndani ya seli. Mwaka 1951, akiwa Dunedin, New Zealand, yeye na wenzake walifaulu kuchomeka elektrodi ya kioo nyembamba mno ndani ya nyuroni hai ya uti wa mgongo wa paka. Wakasisimua njia ya kuzuia. Kipimo kikaenda upande wa hasi zaidi, kinyume kabisa na utabiri wake. Eccles akahamia kambi ya supu, na akahama kwa kishindo, akawa mtetezi mkali wa kemikali kama alivyokuwa wa umeme. Nobel yake ilikuja 1963.

Kwa hiyo mwalimu anaposema pengo ni mahali pa kusema hapana, cheche zilishindwa kwa hoja hiyohiyo.

Zamu_ya_Usiku:
Mimi ni muuguzi, nimekuwa nikisoma kimya. Kama mnataka kuona mwili uliopokonywa "hapana", muangalieni mgonjwa wa pepopunda. Taya zimefunga, mgongo umejipinda, na kelele ndogo au mwanga ukiwashwa ghafla misuli yote inakaza. Anakuwa na fahamu zake muda wote. Nilifundishwa kwamba sumu inashambulia neva, lakini sikuwahi kuelezwa kwa nini misuli inakaza badala ya kulegea. Mwalimu, hebu.

Nyuroni_Moja:
Dada, mfano wako ni bora kuliko wowote niliokuwa nao.

Bakteria wa pepopunda wanabaki kidondani. Sumu yao ndiyo inayosafiri. Inaingia kwenye ncha za neva za misuli, inapandishwa ndani ya aksoni kinyumenyume hadi uti wa mgongo, kisha inatoka na kuingia kwenye nyuroni za kuzuia, zile zinazotoa glisini na GABA. Humo inafanya kazi moja tu: inakata protini iitwayo sinaptobrevini, moja ya zile SNARE tatu. Vifuko vimejaa, kalsiamu inaingia kama kawaida, ila hakuna cha kuuvuta utando. Nyuroni za kuzuia zinanyamaza. Nyuroni za misuli zinabaki zikisikiliza ndiyo peke yake, kutoka kila upande.

Sasa linganisha na sumu ya botulini, inayotoka kwa bakteria wa ukoo mmoja na wa pepopunda. Aina yake B hukata sinaptobrevini hiyohiyo. Lakini yenyewe haipandi kwenda kwenye nyuroni za kuzuia. Inabaki kwenye ncha za neva za misuli na kuzuia asetilikolini isitoke. Mgonjwa analegea, kope zinashuka, pumzi inaishiwa nguvu. Mkasi mmoja, protini moja, na matokeo yanapingana kwa sababu tu ya sinapsi iliyokatwa.

Zamu_ya_Usiku:
Haya nimeelewa. Na wale wa sumu ya dawa za wadudu? Mate, machozi, jasho, mboni zimesinyaa kama ncha ya sindano, misuli inachezacheza kisha inaishiwa. Tunampa atropini, mate yanakauka na kifua kinafunguka, lakini misuli bado haina nguvu.

Nyuroni_Moja:
Hapo kasoro iko kwenye usafishaji. Dawa nyingi za aina ya oganofosfati hushika kimeng'enya asetilikolinesterasi na kukizima. Kwa kawaida kimeng'enya hicho kimoja kinaweza kuvunja maelfu ya molekuli za asetilikolini kwa sekunde. Kikizimwa, asetilikolini inarundikana kwenye kila sinapsi inayoitumia. Kwenye tezi na mirija ya hewa inachochea bila kikomo, ndiyo hayo mate na makohozi. Kwenye misuli inaanza kwa kuchezesha, kisha vipokezi vinabaki vimeshikwa muda mrefu mno, msuli unashindwa kujiweka tayari kwa amri mpya, unalegea.

Atropini inaziba aina moja ya vipokezi vya asetilikolini, vile vya tezi, moyo na mirija ya hewa. Vya misuli ya mifupa ni aina nyingine, haivigusi. Ndiyo maana ipo pia pralidoksimu, inayojaribu kukibandua kimeng'enya kutoka kwenye sumu, na inasaidia ikiwahi, kabla muunganiko wa sumu na kimeng'enya haujawa wa kudumu.

Nyoka nao wanaijua sinapsi hii vizuri. Sumu ya swila ina protini zinazoziba vipokezi vya asetilikolini kwenye msuli. Ndugu zake koboko na jamii yao (kwa Kiingereza huitwa mamba, si yule wa mtoni) wana mchanganyiko: kuna protini inayozima kimeng'enya hichohicho cha kusafisha, na nyingine inayoziba njia za potasiamu ili ncha ya neva itoe kemikali kupita kiasi.

Mpita_Njia:
Usingizi umeshapotea kabisa. Asanteni.

Kidato_Cha_Sita:
Mwalimu, nina swali. Kama seli moja inapata ndiyo nyingi na hapana nyingi kwa wakati mmoja, nani anahesabu?

Nyuroni_Moja:
Utando wenyewe unahesabu, na nadhani hili ndilo jambo zuri kuliko yote kwenye mada hii.

Sinapsi moja ya kuchochea kwenye ubongo mara nyingi inaisogeza seli kwa chini ya milivolti moja. Seli imekaa karibu na -70, na kizingiti cha kufyatua msukumo kiko karibu na -55. Kwa hiyo sinapsi moja peke yake haifanyi kitu cha maana. Zinatakiwa nyingi, ama zipige pamoja kutoka sehemu mbalimbali za dendraiti (matawi ya seli yanayopokea ujumbe), ama chache zipige kwa kufuatana haraka kabla athari ya mwanzo haijafifia. Mabadiliko yote yanatiririka kuelekea mahali aksoni inapoanzia, na hapo ndipo milango ya sodiamu imejazana. Jumla ikifika kizingiti, msukumo unatoka. Isipofika, hakuna kilichotokea kwa anayetazama kutoka nje.

Mahali sinapsi ilipo nako kuna uzito wake. Sinapsi nyingi za kuzuia zimekaa kwenye mwili wa seli au karibu na mwanzo wa aksoni. Hata isipoisogeza seli kwenye hasi zaidi, kule kufungua tu njia za kloridi kunafanya umeme unaotoka kwenye dendraiti uvujie nje kabla haujafika. Na kuna seli za Purkinje kwenye serebela, sehemu ya nyuma ya ubongo, moja inaweza kupokea sinapsi zaidi ya 100,000.

Mfano mwepesi ni ule wa kugongwa chini ya goti. Msuli wa mbele ya paja unakaza kwa sababu neva ya hisia inagusana moja kwa moja na neva ya msuli, sinapsi moja tu katikati. Lakini msuli wa nyuma ya paja unatakiwa ulegee wakati huohuo, la sivyo mguu hautakwenda popote. Neva ileile ya hisia inatuma tawi kwa nyuroni ndogo ya katikati, na hiyo ndiyo inayotoa hapana. Hata daktari anapogonga goti, sinapsi ya kuzuia iko kazini.

Msoma_Kale:
Niongeze kitu kuhusu kuhesabu. Bernard Katz na Paul Fatt, 1952, walikuwa wakipima sinapsi ya msuli wa chura bila kuisisimua, wakaona vijipigo vidogo vya karibu nusu milivolti vinajitokeza vyenyewe, bila mpangilio. Badala ya kuvitupa kama kelele za mashine, wakavifuatilia. Katz na José del Castillo baadaye walionyesha kwamba ishara kubwa ya kawaida inajengwa kwa vipande vya ukubwa uleule wa kijipigo kimoja. Kemikali inatoka kwa mafungu kamili. Muda mfupi baadaye darubini ya elektroni ikaonyesha vifuko, kila mtu akaelewa fungu moja ni kifuko kimoja.

Fundi_Redio:
Kelele za mashine zimewapa watu Nobel, na mimi kila siku nazichuja.

Swali: kifuko kikishawekewa amri, lazima kitoke?

Nyuroni_Moja:
Hapana, na hili litakuudhi kama mtu wa saketi. Kwenye sinapsi ya msuli, msukumo mmoja unatoa vifuko vingi, kwa chura huzidi 100, ili msuli usikose amri. Kwenye ubongo ni tofauti. Sinapsi nyingi hutoa kifuko kimoja au hazitoi chochote, na mara nyingi jibu ni hazitoi chochote. Msukumo unafika, kalsiamu inaingia, halafu kimya. Na uwezekano huo wa kutoa unabadilika. Msukumo wa pili ukifuata upesi, kalsiamu iliyobaki ya mwanzo inajumlishwa na mpya, uwezekano unapanda. Sinapsi nyingine vifuko vyao vya mstari wa mbele huisha mapema, uwezekano unashuka. Utoaji wenyewe unaifuata kalsiamu kwa mkunjo mkali, karibu kipeo cha nne, kwa hiyo tofauti ndogo ya kalsiamu inazaa tofauti kubwa ya kemikali.

Zamu_ya_Usiku:
Kabla hamjahamia kwingine: dawa za sonona. Wagonjwa huambiwa "una upungufu wa serotonini, hii itakuongezea". Ni sahihi?

Nyuroni_Moja:
Nusu yake. Dawa kama fluoksetini huziba protini inayoirudisha serotonini ndani ya seli, kwa hiyo serotonini inakaa muda mrefu zaidi kwenye pengo. Hilo linaanza ndani ya saa chache. Mgonjwa anaanza kujisikia vizuri baada ya wiki kadhaa. Kama tatizo lingekuwa kujaza pengo tu, nafuu ingefika siku hiyohiyo. Kwa hiyo maelezo ya upungufu ni mepesi mno, ingawa dawa zinawasaidia watu wengi. Katika wiki hizo seli zinajirekebisha, vipokezi vinapungua au kubadilika mahali fulani, na miunganiko inapangwa upya. Mgonjwa asiache dawa kwa sababu ya uzi huu, tafadhali, aongee na daktari wake.

Fundi_Redio:
Nimesubiri kwa adabu, sasa narudi na yangu. Nimekwenda kusoma. Sinapsi za umeme zipo! Edwin Furshpan na David Potter, miaka ya 1950, kwenye kamba wa maji baridi. Mkondo unapita moja kwa moja, karibu bila ucheleweshaji wowote. Na ile sinapsi yao inapitisha mkondo upande mmoja tu, kama dayodi. Kwa hiyo ile faida yako ya mwelekeo, mwalimu, hata waya unaipata.

Nyuroni_Moja:
Ya mwelekeo nakuachia, fundi, umeipata kihalali. Ingawa nyingi za mamalia hupitisha pande zote mbili.

Zipo, na si za kamba tu. Seli mbili zinasogeleana hadi nanomita 3 au 4, na protini ziitwazo koneksini zinatoboa tundu linalounganisha ndani na ndani. Angalia zilipowekwa: kamba anapotakiwa kupiga mkia na kukimbia hatari, hakuna muda wa kushauriana. Kwa mamalia utazikuta kwenye retina ya jicho, kwenye kiini cha oliva chini ya ubongo, na kati ya nyuroni za kuzuia za gamba la ubongo, mahali ambapo seli nyingi zinatakiwa kupiga kwa pamoja. Kasi na upatanifu, hapo wewe unashinda.

Lakini tazama kinachohitaji kujifunza. Kipokezi kimoja cha glutamati, NMDA, kina kizibo cha magnesi ndani ya njia yake. Glutamati pekee haitoshi kukifungua. Seli inayopokea lazima iwe tayari imesisimka, ndipo magnesi inasukumwa nje na kalsiamu inaingia. Yaani kipokezi kinagundua kwamba mtumaji na mpokeaji wamepiga kwa wakati mmoja. Kalsiamu hiyo inaanzisha mlolongo unaoishia kwa vipokezi vipya kuongezwa kwenye sinapsi ileile, na kesho ujumbe uleule unasikika kwa sauti zaidi. Tim Bliss na Terje Lømo waliripoti mwaka 1973 kwamba njia za hipokampasi (sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu) ya sungura zikisisimuliwa kwa nguvu, sinapsi zinabaki zimeimarika kwa saa nyingi.

Kidato_Cha_Sita:
Kwa hiyo sinapsi ya umeme haiwezi kubadilika kabisa?

Nyuroni_Moja:
Inabadilika. Kwenye retina kuna seli za mlalo zilizounganishwa kwa sinapsi za umeme, na dopamini, kemikali nyingine ya ujumbe, inayotolewa humo ndani inafunga sehemu ya matundu yao, zikaacha kusikilizana kwa kiwango kile cha mwanzo.

Fundi_Redio:
Dopamini. Yaani hata waya wangu unaomba ruhusa kwa supu.

Nyuroni_Moja:
Kwenye retina, ndiyo. Kwenye oliva ni GABA: ncha za nyuroni za kuzuia zimewekwa palepale pembeni ya matundu ya koneksini, na zikitoa kemikali yao, mkondo unaokwenda kwa jirani unavujia nje kabla haujavuka.

Fundi_Redio:
Hapana nyingine tena. Haya, naenda kulehemu.